Uzi kwa tunaoumwa muda mrefu na bado tunasali: unashikaje imani wakati mashine ndiyo inayokuweka hai?

Mwalimu Chaki (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Kwenye makanisa mengi kuna kipindi cha shuhuda, na kipindi hicho ni cha waliopona. Aliyekuwa na uvimbe ukayeyuka, aliyehangaika miaka kutafuta mtoto akapata mapacha, aliyerudia vipimo daktari akabaki anashika kichwa. Sina ugomvi nao. Nawapigia makofi, na naamini wengine wanasema kweli tupu. Ila sijaona mtu akipewa maiki aseme, "Bwana asifiwe wapendwa, bado naumwa, Ijumaa narudi hospitali, na Mungu ni Mungu wangu vilevile." Huyo ataambiwa akae kwanza, ushuhuda wake haujaiva.

Mimi ndiye huyo. Figo zangu zote mbili zimeshindwa kazi. Shinikizo la damu lilizila kimyakimya, na siku nilipoambiwa ilikuwa tayari hatua ya tano, na ya sita haipo. Nasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa nne kila nikipanda mashine. Nafundisha Kemia sekondari. Mkuu wa shule ni muungwana, kanipangia vipindi siku nyingine. Kanisani ni mzee wa usharika, ingawa siku hizi nakaa benchi la nyuma karibu na mlango kwa sababu kusimama wimbo mzima siwezi.

Siandiki kuomba mchango. Wala msinifuate faragha na mizizi, nawasihi. Figo zikishakufa mizizi mingi inamalizia kilichobaki. Nimekuja na jambo moja linalonisumbua. Kilichokaribia kunitoa kwenye imani si huu ugonjwa. Ni wapendwa wenzangu, wenye nia njema kabisa, waliotaka nipone haraka ili mafundisho yao yasitie aibu.

Wa kwanza alikuwa mtumishi aliyeniambia mashine ni ya watu wasioamini, nikatae kwenda wiki moja tu nione Mungu akitenda. Naomba asiyejua figo anisikilize hapa. Damu isiposafishwa, potasiamu inapanda, na potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama ukiwa umekaa kwenye kochi unaangalia taarifa ya habari. Maji nayo yanajaa mpaka kwenye mapafu, mtu anazama akiwa nchi kavu. Huyo mtumishi alikuwa ananiombea kifo kwa jina la Yesu, na hakujua.

Wa pili alileta maji ya upako, chupa ya lita moja na nusu, ninywe yote kabla jua halijazama. Kiwango changu cha maji kwa siku hakifiki lita, na humo mna chai, uji na mchuzi. Nikamwambia mama mpendwa, maji ya upako nayo ni maji. Alikasirika kweli. Mwingine akanipangia mfungo mkavu wa siku tatu huku ninameza vidonge vya presha vinavyotaka chakula tumboni.

Halafu kuna wale wapelelezi. Hao wanakuja na swali la upole: "Mwalimu, hakuna jambo ulimfanyia mtu? Ukoo wenu hauna madhabahu?" Unaanza kujipekua. Saa nane ya usiku umelala unahesabu dhambi za ujana wako, ukitafuta ile yenye uzito wa figo mbili. Mpaka siku moja nikarudi kwenye Yohana 9, wanafunzi wanamuuliza Yesu nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, hata akazaliwa kipofu. Akawajibu si huyu wala si wazazi wake. Swali lao alilifunga palepale, sisi tumelifungua tena na kuliwekea ofisi na foleni.

Rafiki zake Ayubu tunawasema vibaya, lakini mtazame walivyoanza. Walikaa naye chini siku saba mchana na usiku, hakuna aliyemwambia neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Waliharibu walipofungua midomo. Na mwisho wa kitabu Mungu hamkasirikii Ayubu aliyelalamika sura baada ya sura. Anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili, waliokuwa wakimtetea yeye Mungu! Hilo lilinipa ruhusa ya kulalamika. Tangu hapo nasali Zaburi ya 13, ile ya "hata lini", na nikizidiwa naenda ya 88. Isomeni ya 88 mpaka mstari wa mwisho. Inaishia gizani, hakuna "lakini nitamsifu" wala nini. Na ipo kwenye Biblia, imeachwa hivyohivyo.

Kuhusu dawa na imani, nashangaa mjadala huu bado upo nchi hii. Bugando ni ya nani? KCMC ilianzishwa na nani? Haydom, Ndanda, Peramiho? Zote ni hospitali zilizoanzishwa na makanisa. Mababu zetu walipokea Injili na sindano kwenye kiwanja kimoja. Mfalme Hezekia aliugua kufa, akageukia ukuta akalia, Mungu akamwongezea miaka 15. Na nabii yuleyule aliyeleta habari hiyo akaagiza waandae mkate wa tini wauweke juu ya jipu. Ahadi imetoka mbinguni na dawa bado imebandikwa. Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Paulo huyuhuyu ambaye leso zake ziliponya watu Efeso! Trofimo alimwacha Mileto akiwa mgonjwa. Hakuandika kwamba Trofimo alipungukiwa imani. Kamwacha mgonjwa, basi, safari ikaendelea.

Sasa kinachonishika ni nini? Nitasema ukweli, si kitu kikubwa. Siku nyingi sisikii uwepo wowote. Nasikia mashine inapiga kengele na nesi anakuja kuangalia mrija. Sala yangu imekuwa fupi kuliko ya mtoto wa darasa la awali. Ila kwenye chumba chetu tumekuwa na kawaida: zamu ya asubuhi, kabla sindano hazijaingia, mmoja anasema sala ya maneno mawili matatu, na wengine wanaitikia, Waislamu wakiwemo. Kuna asubuhi sina hata neno. Mwenye kiti cha jirani ananisalia. Na kuna asubuhi kiti cha jirani kina mtu mwingine, na hakuna anayeuliza yule wa kwanza yuko wapi, maana wote tunajua. Siku hiyo sala huwa ngumu, lakini husemwa.

Naomba wenye uzoefu mje. Mliougua saratani, selimundu, kisukari, moyo, mnaouguza. Mliiacha imani? Mlibaki? Mlibaki vipi? Wenye matusi pia karibuni, nikiwa kwenye mashine nina saa nne za kusoma.

Naomba kuwasilisha.

---

Hoja Kavu

Pole mkuu, kwanza hilo. Ila ngoja niulize anachoogopa kuuliza kila mtu humu. Wewe ni mwalimu wa Kemia, unajua kabisa kinachokuweka hai ni utando wa plastiki, umeme na kadi ya bima. Mungu anaingia wapi? Ukipona sifa zake, usipopona "mapenzi yake". Mchezo ambao timu moja haifungwi huo.

---

Mtumishi wa Kitunda

Mwalimu, nimesoma kwa machozi, na nakupinga kwa upendo.

Usichome nyumba nzima kwa sababu ya panya wawili. Mimi mwaka 2014 nililazwa na uti wa mgongo, homa ile mbaya, familia imeshaitwa. Kanisa lilikesha. Niliamka. Madaktari walifanya kazi yao, siwavunjii heshima, lakini nami sitakaa kimya kwa kuwa kuna waliochanganya maneno. Isaya 53 inasema kwa kupigwa kwake sisi tumepona. Yesu hakuwahi kumwambia mgonjwa aliyemjia "kaa na ugonjwa wako kwa subira". Tukianza kufundisha watu kukaa nao, tutaua matarajio, na mtu asiyetarajia hapokei.

Anayekwambia uache mashine ni muuaji, nakubaliana nawe asilimia zote. Ila usituweke kapu moja.

---

Nesi wa Zamu

Nafanya kitengo cha kusafisha damu, sitataja wapi.

Mwalimu amesema kwa adabu, mimi nitasema bila adabu. Wapo tuliowapoteza kwa "nimepokea uponyaji". Mtu anakosa kikao cha kwanza anajisikia vizuri, kwa sababu sumu haipandi kwa dakika moja. Anaona kweli amepona. Anakosa cha pili. Cha tatu analetwa na bajaji, amevimba uso, anahema kama amekimbia. Ambaye hakojoi kabisa akiacha mashine, kwa kawaida hamalizi wiki mbili. Na ndugu waliomshangilia wanakuwa wa kwanza kutuuliza sisi tumemfanya nini.

Watumishi wanaokuja wodini: karibuni, wagonjwa wanawahitaji. Lakini kemeeni kwa sauti ya chini jamani. Mungu si kiziwi, na kitanda cha pili kuna mtu ametoka chumba cha upasuaji. Msimpe mgonjwa wa figo dafu, ndizi wala juisi ya machungwa mkidhani mnamsaidia. Humo mna potasiamu ya kutosha kumsimamisha moyo. Kama mnataka kuleta kitu, muulizeni nesi. Mkikosa cha kuleta, leteni nauli ya mwuguzaji.

Mwalimu, mboga za majani unachemsha maji mengi na kumwaga? Najua unajua, nauliza tu.

---

Mwalimu Chaki

Nesi, namwaga. Mchicha wangu siku hizi hauna ladha ya kitu chochote duniani, lakini namwaga.

Hoja Kavu, swali lako ni la haki. Sina jibu la kukufunga mdomo. Utando wa plastiki unachuja damu, najua unavyofanya, naweza kukuchorea ubaoni. Mimi simtumii Mungu kujaza pengo ambalo mashine haijafika. Ninachokiona ni hiki: mashine inaniweka hai, lakini haijawahi kuniambia ninaishi kwa ajili ya nini kati ya Jumatatu na Jumatano. Ndipo naye anapoingia kwangu. Kama kwako haingii, sitakukemea. Na kuhusu timu isiyofungwa, kasome tena Zaburi ya 88, humo mtu anamwambia Mungu waziwazi kwamba amefungwa.

Mtumishi, nimefurahi umepona, na sisemi kwa kejeli. Tena wewe umeniletea andiko, nami nina langu ambalo sijawahi kulisikia likihubiriwa lote. Yohana 5, birika la Bethzatha. Tunamhubiri yule wa miaka 38. Lakini mstari wa tatu unasema matao yale yalijaa jamii kubwa ya wagonjwa, vipofu, viwete, waliopooza. Yesu alipita katikati yao, akamsimamisha mmoja, na Yohana anasema akajitenga, kwa kuwa palikuwa na watu wengi. Wale wengine je? Injili haiwalaumu. Haisemi hawakuwa na imani. Hata yule mmoja hakuonyesha imani yoyote, alikuwa analalamika foleni tu. Mimi sijakataa kutarajia. Najihesabu kati ya waliobaki kwenye matao, na nasema hao nao walikuwa watu wa Mungu, wanastahili mahubiri yao.

---

Mtumishi wa Kitunda

Hilo la matao limenikalisha chini. Nitalirudia na Biblia yangu usiku, nitakujibu. Bado sijakubali yote.

---

Dereva Mstaafu

Nilipeleka watu Loliondo mwaka 2011, kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu wa KKKT Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima tulimwita Babu. Vijana wa leo mnacheka, hamkuona. Magari kilomita na kilomita, mabasi, Land Cruiser za wakubwa, helikopta zinatua porini. Watu walitoka mpaka Kenya na kwingine. Kikombe kimoja cha dawa yake ya mitishamba shilingi 500. Kuna waliotolewa kwenye vitanda vya hospitali na dripu bado mkononi, na wapo waliofia njiani na kwenye foleni kabla ya kukifikia.

Nilikuwa nawasikiliza nyuma ya gari usiku kucha. Hawakuwa wajinga. Kulikuwa na mwalimu, kulikuwa na mhasibu, kulikuwa na mama aliyesema "hospitali wameniambia niende nyumbani, sasa wewe ulitaka niende wapi?" Mtu aliyeambiwa hakuna kitu tena atakunywa chochote kitakachoshikwa na mkono unaomtazama usoni. Hilo madaktari nao inafaa walitafakari.

Babu alifariki mwaka 2021. Sitetei kikombe, waliougua wakaendelea kuugua tuliwaona. Ila shilingi 500 na hawa wa leo wa "panda mbegu ya milioni upokee figo mpya", hapana, msiwaweke sentensi moja.

---

Wa Nakuru

Salamu kutoka Kenya. Mama yangu yuko kwa mashine pia, huku wengi tunasafishwa mara mbili kwa wiki, si tatu.

Baada ya Shakahola mwaka 2023, miili zaidi ya 400 kufukuliwa kule msituni Kilifi, watu walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu, mama yangu aliogopa hata neno kufunga. Kanisa letu ni la kawaida kabisa, halina shida, lakini tangazo la maombi na mfungo likisomwa anashtuka. Mchungaji wetu alifanya kitu kizuri. Alisema mbele ya watu wote kwamba wenye kisukari, wajawazito, wanaonyonyesha na walio kwa dawa hawafungi chakula, na asisikie mtu akiwauliza. Dakika mbili tu. Mama alilala vizuri wiki hiyo. Nawaomba wachungaji walio humu wafanye hivyo.

---

Bin Tangani

Ugua pole mwalimu. Mimi ni Muislamu, nimepita tu. Kwetu Nabii Ayyub naye ni mfano wa subira, na subira yake haikumzuia kumwambia Mola wake "imenigusa dhara". Kumlalamikia Mungu na kumlalamikia mwanadamu ni vitu viwili. Na tumeamrishwa kujitibu. Baba yangu alikuwa anasali amekaa, baadaye amelala, mwisho kwa kope tu. Allah akuafu.

---

Kilema Juu

Mimi Mkatoliki wa Moshi. Naongeza dogo kuhusu mafuta.

Yakobo 5 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Kwetu ni sakramenti, Mpako wa Wagonjwa. Shida ni kwamba wazee wetu waliizoea kwa jina la mpako wa mwisho, kwa hiyo ukimwita paroko nyumbani shangazi wanaanza kulia na mjomba anaulizia bei ya mbao. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Kanisa linafundisha wazi si ya wanaokata roho peke yao. Mtu akiugua ugonjwa mzito anapakwa, hali ikibadilika anaweza kupakwa tena. Mimi nilipakwa kabla ya upasuaji wa utumbo (saratani). Nilimwomba baba paroko asinong'one, asome kwa sauti ili mke wangu asikie kwamba sala yenyewe inaomba nipate nafuu, haiagi maiti.

Tarehe 11 Februari kila mwaka ni Siku ya Wagonjwa Duniani, Papa Yohane Paulo wa Pili aliianzisha mwaka 1992. Mtu yule alikuja kuugua Parkinson mbele ya macho ya dunia nzima, mate yakimtoka, sauti ikikatika, na hakujificha. Aliniondolea aibu ya kubeba mfuko wa choo tumboni nikiwa kanisani. Mwalimu, wewe umeongelea imani, lakini kwangu aibu ilikuwa kubwa kuliko shaka. Niliacha kwenda misa miezi kadhaa kwa hofu ya harufu tu.

---

Mama Kwaya

Mwalimu, andiko zuri, ila umetusahau.

Mgonjwa ana Zaburi zake. Mwuguzaji ana nini? Nilimuuguza mume wangu kwa ugonjwa huuhuu. Mimi ndiye niliyepima maji kwenye kikombe na kumnyima mtu mzima mwenye kiu. Mimi ndiye niliyesimama ustawi wa jamii kuomba msamaha wa gharama bima ilipogoma. Watu walikuja, wakamwekea mikono, wakaondoka, na mimi nikabaki nafua shuka. Sikumbuki mtu aliyesema "na wewe dada, tukuombee".

Alipofariki, matanga hayajaanuliwa, mpendwa mmoja akaniuliza kama nyumba yetu ilikuwa na mashaka wakati wa maombi. Niliinuka nikaenda kumwaga maji ya mchele yasiyohitaji kumwagwa, nisije nikasema neno.

Nimebaki kanisani. Naimba sauti ya pili. Kuna nyimbo siwezi, zile za "alisema atafanya, amefanya". Zikifika nafungua mdomo bila sauti, mwalimu wa kwaya anajua, haniulizi. Sijui kama hiyo inaitwa imani. Sina mahali pengine ninapotaka kuwa Jumapili.

---

Mwalimu Chaki

Mama Kwaya, nimempa mke wangu simu asome ulichoandika. Amesoma, akasema "mwambie huyo mama nimemwelewa", akarudi jikoni. Nimekuwa natafakari hilo jikoni tangu jana.

Kilema Juu, la aibu ni kweli tupu. Mimi nina mrija shingoni chini ya kola, na watoto wa shule ya Jumapili wanauchungulia. Nimeamua kuwaonyesha. Mmoja akauliza kama naweza kuutumia kuchaji simu.

Dereva, asante kwa kutowacheka.

Kuna jambo sikuliweka mwanzo. Dada yangu amejitolea kunipa figo. Muhimbili walianza kupandikiza Novemba 2017, Benjamin Mkapa kule Dodoma mwaka uliofuata, kwa hiyo si lazima India tena. Dada anaendelea na vipimo. Na hapa nimekutana na mtihani wa imani nisioutegemea, maana kuna aliyetumwa kuniambia nikipokea kiungo cha mtu nitakuwa nimekataa muujiza wa kuumbiwa kipya. Nilipomwambia dada, mwanamke ambaye hajawahi kuhubiri maisha yake yote, akajibu: "Aliniumba na mbili. Moja alikuwa ananitunzia nani?"

Sijaweza kumjibu. Ila naogopa. Naogopa apate madhara kwa ajili yangu. Daktari ameeleza kwamba mtu anaishi vizuri na moja, ndiyo maana wanampima kwanza kila kitu, na wakikuta hata dalili ya presha wanamkatalia. Nimeelewa kama mwalimu wa sayansi. Kama kaka sijaelewa bado.

---

Mtumishi wa Kitunda

Nimerudi. Nimesoma Yohana 5 mara kadhaa, na Jumapili nimewaambia vijana wa kanisani kwamba watu wa matao nao wapo kwenye habari njema. Bado nitaendelea kukuombea upone, Mwalimu, hapo hunitoi.

Na kuhusu dada: huyo aliyekuletea ujumbe hakutumwa. Pokea.

---

Hoja Kavu

Dada yako amehubiri kuliko wote humu. Mimi sijaokoka, msifurahi. Ila kundi langu la damu ni O, kama mtahitaji damu siku ya upasuaji nipo Dar, nitakuja.

---

Tausi Mgeni

Shikamooni. Ndiyo nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nina miaka 24, juzi nimeambiwa figo zipo hatua ya tatu, nina presha. Ninalia tu. Kanisani kwetu ukisema unaumwa unaitwa mbele. Niseme au nisiseme?

---

Mwalimu Chaki

Marahaba mwanangu, pole sana.

Hatua ya tatu si ya tano. Wengi hawafiki nilipofika mimi wakishika presha vizuri, kwa hiyo futa machozi kidogo unisikilize. Meza dawa ya presha kila siku hata ukijisikia mzima, hasa ukijisikia mzima. Punguza chumvi. Usinunue tena diklofenaki dukani kwa sababu ya maumivu ya hedhi au mgongo, inaumiza figo; mwambie daktari akupe kitu kingine. Mizizi usiguse. Kliniki usikose hata ukiwa na mtihani.

Kanisani si lazima uende mbele. Chagua watu wawili unaowaamini, wanaojua kunyamaza, uwaambie. Mchungaji wako akiwa mtu wa staha awe mmoja wao. Wakianza kukuuliza umemkosea nani, tafuta wengine wawili. Usali unavyoweza, hata kulia mbele za Mungu ni sala. Majibu ya vipimo yakitoka tena na ukakosa wa kukusomea, yaandike hapa bila jina. Nesi yupo, mimi nipo.

Kesho Jumatano nipo mashine kuanzia saa moja asubuhi. Uliza chochote, nitajibu kwa mkono mmoja.